Nyar Mombasa na Samaki Aliyekufa Maji

Kwetu Ujaluoni mwanamke akishaolewa jina lake hubaki kwa mama yake. Kule alikoolewa huitwa kwa mahali alikotoka, na ndivyo mimi nilivyogeuka kuwa Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, tangu siku nilipoingia katika boma lile juu ya Karungu, kando ya ziwa. Mwenzangu, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, aliitwa Nyar Mombasa. Mombasa yenyewe si kwao hasa. Kwao ni kijiji cha wavuvi mbali kidogo na mji, lakini huku nani angekijua? Basi jina hilo likamkaa. Babaye alikuwa nani, alizaliwa mwaka gani, alibatizwa na nani, hayo wanayajua wa kwao. Mimi nitasema ya yule niliyemwona kwa macho yangu, miaka ile ya kabla na baada ya Uhuru, tukichota maji kwa njia moja na kugombania jiwe moja la kusagia.

Mdomo wake ndio uliotangulia kuingia mlangoni, miguu ikafuata. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mume wake alimpata alipokuwa mfanyakazi wa gatini huko Mombasa, kisha akapata kazi katika meli ya ziwani iliyotia nanga Homa Bay, akamleta mkewe nyumbani na yeye mwenyewe akawa wa kuja na kuondoka. Miaka ikapita na mtoto hakupatikana. Mama mkwe wetu, tuliyemwita Mama tu, hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na jambo moja moyoni na hakulificha: mwanamke asiye na mtoto, tena wa mbali kama huyu, mwisho wake ni kurudi kwao, na asiporudi mwenyewe arudishwe. Nyar Mombasa naye alikuwa na jambo lake moja: haendi popote. Wawili hao waliivuta kamba hiyo miaka mingi, mara nyingine kwa maneno, mara nyingi kwa kimya.

Mama alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hapalimwi, hapatwangwi, hapafuliwi. Mimi ni Mkatoliki, lakini Sabato yao niliishika barabara, kwa hiyo nilipumzika mara mbili kwa wiki na sikuona dhambi yoyote. Alasiri, baada ya kanisa, tulikaa kwenye mikeka nje ya jiko, na hapo ndipo Nyar Mombasa alipoifungua bahari.

Hakusimulia kama wasimuliao hadithi. Hakuna "hapo zamani", hakuna sungura wala fisi. Alisema habari za viumbe wa baharini kama mtu anayewasema majirani zake, kwa kukerwa kidogo.

"Pweza yule ana mioyo mitatu," alisema siku moja, akichokonoa meno kwa kijiti. "Na mfupa hata mmoja hana. Mfungie ndani ya sanduku, ukiacha ufa mdogo tu atapenya. Akikasirika anageuka rangi, akiogopa anageuka rangi, akilala pia. Huwezi kujua umemwona au umeona jiwe."

"Mioyo tatu ya kufanya nini?" Mama akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi hii moja tu inanisumbua."

Akatuambia habari za jongoo wa baharini, aliye kama soseji iliyosahauliwa mchangani. Adui akimbana hutapika matumbo yake yote, amwachie adui ayashughulikie, mwenyewe ajivute taratibu kwenda zake kuota mengine. Akatuambia habari za kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, kwamba ukimkata mkono anauotesha tena. Kuna kaa asiye na ganda lake mwenyewe, anayehamia ndani ya ganda la konokono aliyekufa, akinenepa anatafuta lingine kubwa zaidi. Na kuna nguva, anayenyonyesha mtoto wake kama mimi na wewe, aliye na sura mbaya hata uone huruma.

Nakumbuka siku ya chewa. Mume wangu alikuwepo, na utani wa shemeji na shemeji kwetu hauna mpaka. Nyar Mombasa akasema chewa huanza maisha akiwa jike, na akishakuwa mkubwa sana hugeuka dume.

"Basi wewe umebakisha kidogo tu," mume wangu akasema.

"Shemeji, siku nikigeuka, wewe ndiye utakayenipikia."

Mume wangu alicheka hadi chai ikampalia. Hata hivyo hakumwamini, wala hakuna aliyemwamini. Watu walikuja kumsikiliza kutoka maboma ya jirani, wakacheka, wakashukuru, na njiani kurudi kwao wakasema, "Miriambo," yaani uongo mtupu. Wengine walilisema wakiwa bado kwenye mkeka. Yeye hakuapa wala hakubishana. Aliinua mabega tu. "Samaki hajui kama humwamini," alisema. "Yeye anaendelea kuogelea."

Alikuwa na usemi mwingine nilioupenda zaidi, na mpaka leo nautumia kwa wajukuu: "Kioja kikikaa wiki huwa jirani." Alimaanisha viumbe wake, lakini nadhani alijisemea pia yeye mwenyewe, kwa sababu wakati huo alikuwa amekaa wiki nyingi sana na bado alikuwa kioja.

Tabia zake jikoni zilitushangaza zaidi ya pweza. Kila samaki aliyemshika, hata ngege mdogo, alimpasua kwa uangalifu, akatoa ini na matumbo, akayachimbia shimo refu nyuma ya nyumba ili hata mbwa asiyapate. Kwao kuna samaki aitwaye bunju, anayejijaza upepo akawa mviringo kama mpira, na ini lake huua nyumba nzima kabla ya chakula kushuka. Nilimwambia ziwa letu halina bunju. "Huyo aliyekwambia amehesabu samaki wote?" akanijibu. Tena hakuna nyama aliyoipika bila kuipiga kwanza. Pweza hupigwa juu ya mwamba mpaka alainike, na mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Kuku wa watu alipigwa, mbuzi alipigwa, na siku moja nilimkuta akiupiga mkungu wa ndizi, akaona aibu, akaacha.

Nilidhani mtu wa bahari angelipenda ziwa. Aliliogopa. Hakujua kuogelea, na maji hayakuwahi kumpita kifundo cha mguu. Kilichomchukiza hasa ni kwamba ziwa halipwi. Kwao maji hujaa na kupwa kila siku, watu hutembea juu ya miamba wakaokota riziki, kisha maji hurudi mahali pake. "Maji yasiyorudi nyuma hayana adabu," alisema. Basi mwaka ule kabla ya Uhuru ziwa lilipopanda, likafunika mashamba ya chini na njia ya ufuoni, kila mtu alilia ila yeye. Yeye alisimama juu ya kilima, mikono kiunoni, akasema, "Niliwaambia."

Na sasa nitasema kasoro yake kubwa, maana mtu akisifiwa tu huwa sanamu. Yeye aliyetaka tuamini mioyo mitatu, viumbe wa kwetu hakuwaamini hata kidogo.

Sisi tuna kamongo. Ni samaki mrefu kama nyoka mnene, mwenye meno ya kukata kidole, na kinamasi kikikauka hujichimbia ardhini, akajifunika kwa ute na matope, akalala humo miezi na miezi bila tone la maji mpaka mvua irudi. Jambo hili kwetu si la ajabu. Wafyatua matofali hukuta madonge yake wakichimba udongo. Msimu mmoja wa kiangazi walimletea Mama donge kama hilo, zito, kavu kabisa kwa nje. Mama akamwita mkwewe aje aone.

Nyar Mombasa akaligonga kwa kidole. "Samaki humu?"

"Samaki. Analala."

"Kwenye udongo mkavu?" Akacheka, akainuka. "Hapana, jamani. Hapo mmeniona mjinga."

Akaenda zake kuchanja kuni, wala hakungoja donge lipasuliwe. Mama alikasirika kweli. "Yeye anasema samaki na mioyo tatu, sisi tunanyamaza," aliniambia. "Sisi tunasema kamongo, yeye anacheka. Kwao tu ndio Mungu alifanya kazi?" Kumtetea mwenzangu siku hiyo kulinishinda.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja Jumamosi moja, mama mmoja wa kanisa kutoka Rodi Kopany alipotutembelea. Alimtazama Nyar Mombasa kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamwuliza Mama, mbele ya watu wote, kama huyu bado hajaleta mtoto. Mama akashusha pumzi. "Shamba ni kavu," akasema.

Niliona shingo ya mwenzangu ikikakamaa. Hakumtazama yeyote. Akaanza kusema taratibu, kama kwamba anaendelea na habari ya wiki iliyopita.

"Kwetu kuna samaki mdogo, mrefu kama kidole, kichwa chake cha farasi na mkia wa kujiviringa. Anaitwa farasi wa baharini. Huyo, mume ndiye anayebeba mimba. Mke humtilia mayai katika mfuko wa tumboni, na mume hukua tumbo, akashikwa na uchungu, akazaa. Huko mtoto asipopatikana, hakuna anayemwuliza mke. Huulizwa mume."

Mama akainuka. Akakunja mkeka wake, mkeka ambao Nyar Mombasa mwenyewe alikuwa amemsukia kwa mtindo wa pwani, akaingia nao ndani. Kwake yeye, mwanawe alikuwa ametukanwa mbele ya kanisa zima, na sijui kama kuna tusi kubwa zaidi ya hilo. Tangu siku hiyo hakula chakula cha Nyar Mombasa, hakumjibu salamu, na mwanawe alipokuja alimwambia waziwazi: huyu mtu arudi kwa bahari yake.

Mume hakumrudisha, lakini wala hakusema neno la kumaliza jambo. Alikuwa mtu mpole, na upole wa mwanamume wakati mwingine ni mzigo kwa mke. Msimu ule mimi nilijifungua mwanangu wa pili, na ni Nyar Mombasa aliyenikanda, aliyeniosha na kunipikia uji. Siku moja, akimpakata mtoto, aliniambia habari za pweza jike. Hutaga mara moja tu maishani. Huyaning'iniza mayai pangoni, akakaa nayo, akiyapapasa na kuyapulizia maji, na siku zote hizo hali kitu. Watoto wakitoka, yeye hufa.

Nilidhani atalia. Akamnusa mtoto shingoni, akasema, "Mimi hayo yangenishinda, nyieka. Mimi napenda kula." Nyieka ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana kwetu. Alikuwa ameanza kulitumia, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa nifike kwa yule samaki.

Mumewe alikuwa anakuja likizo, na kamongo ndicho chakula alichokipenda duniani. Wanawake wa kwetu zamani hawakumla kamongo, huo ulikuwa mwiko, lakini kumpika tulimpika. Nyar Mombasa akasema ataandaa kamongo aliye hai, afe siku hiyo hiyo ya kuliwa, ili hata Mama aone kwamba mwanawe anatunzwa. Nilijua amechoka na kile kimya. Akateremka ufuoni mapema, akarudi na dude nene kama paja la mtoto, limefungwa kamba ya katani, linajinyonganyonga na kupiga mkia.

Kwao kaa na kamba walio hai huwekwa majini mpaka sufuria ichemke. Naye akafanya vivyo hivyo, tena kwa bidii. Alichukua mtungi wake mkubwa, akamtia samaki, akamimina maji mpaka ukingoni kabisa, asije maskini akapungukiwa. Akafunika kwa ungo, na kwa kuwa samaki alisukuma, akaweka jiwe la kusagia juu yake. Mtungi ukatikisika.

"Anacheza," akasema.

Baadaye ukatulia.

"Amelala."

Mimi nilikuwa nikichambua kunde mbele yake. Nilisikia maji tu yakimwagika, na kwa hakika sikufikiria chochote. Alasiri alipofunua, kamongo alikuwa amekufa, tumbo juu, mdomo wazi. Basi hapo ndipo nilipoijua hasira ya mtu wa pwani. Alimtupa begani, akashuka kilima hadi kwa mvuvi, nami nikamfuata na mtoto mgongoni, maana jambo kama hilo hulikosi.

"Wewe mzee umeniuzia maiti!" akasema kabla hajafika.

Mvuvi alikuwa akishona wavu na wenzake. "Mama, mimi nilipatia wewe samaki mzima. Asubuhi ilikuwa inataka kuuma mguu yangu."

"Mzima gani? Nimemfikisha nyumbani, nikamtia majini papo hapo, mtungi umejaa pomoni, na amekufa!"

"Imejaa mpaka juu?"

"Mpaka juu. Na jiwe nikaweka, asitoke."

Wavuvi wakatazamana. Mmoja akaweka sindano yake chini.

"Kara!" akasema polepole, yaani kumbe. "Mama ameua kamongo na maji."

"Maji humwuaje samaki?"

"Mama, hii samaki haivuti maji. Inavuta hewa, kama wewe. Ni lazima ije juu, ipumue, irudi chini. Wewe umefunga mlango, umeweka jiwe. Amekufa maji."

"Samaki?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Amekufa maji?"

"Kufa maji kabisa. Pole."

Hawakucheka mpaka alipogeuka. Kisha wakacheka hata mitumbwi ikasikia. Akapanda kilima, samaki begani, na ndiyo mara ya pekee niliyotembea naye njia nzima kwa kimya. Habari ilitupita njiani, kwa sababu tulipofika Mama alikuwa amesimama langoni akingoja. Alimtazama samaki. Akamtazama mkwewe. Niliogopa.

Mama akashika ua kwa mkono mmoja. Mabega yakaanza kutikisika, kisha mwili mzima, na akateleza akakaa chini mavumbini, yeye aliyekuwa hakai bila mkeka. Alicheka mpaka machozi. Sikuwahi kumwona meno ya nyuma kabla ya siku hiyo. "Ameua samaki na maji," alisema, akashindwa kuendelea, akaanza upya. Nyar Mombasa alisimama amenuna kidogo, halafu kona ya mdomo ikamsaliti, akamweka samaki chini, akaketi mavumbini kando ya mama mkwe wake, nao wakacheka pamoja, mmoja akinyamaza mwingine anamwanzisha.

Walipochoka, Nyar Mombasa akajifuta macho.

"Mama, basi na wale wa kwenye udongo mkavu ni kweli?"

"Ni kweli."

"Haya. Nimeamini. Nilikukosea."

Mama akakaa akimtazama samaki. "Na ile ya mume kubeba mimba?"

"Ni kweli, Mama. Nimemshika mkononi, tumbo lake limejaa."

Mama akamgeuza samaki kwa kidole. Alikuwa mtu wa kulipima neno kabla ya kulipokea. "Kamongo mume pia inachunga watoto kwa shimo," akasema mwishoni. "Ukikaribia inauma wewe. Mke inaenda zake." Akatafakari tena. "Sawa. Mimi pia naamini."

Hakukuwa na lingine. Jioni shemeji, mume wa Nyar Mombasa, alikuja, akapikiwa kamongo yule yule, akala mpaka akalamba vidole, wala hakuna aliyemwambia samaki alikufaje mpaka aliposhiba. Nyar Mombasa hakumwonja. Alisema si kwa ajili ya mwiko, ni aibu tu, hawezi kumtazama machoni. Na Mama, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alinyoosha mkono akamega ugali wa sahani ya mkwewe.

Jina la mwuaji wa samaki lilimfuata mpaka Homa Bay. Sokoni watu walimwita wakimwomba awafundishe kuzamisha ngege. Hakujali. Kilichobadilika ni kwamba Jumamosi, mtu akisema "miriambo", Mama ndiye aliyemkaripia. "Wewe umefika huko?" alimwuliza. "Hujafika. Basi funga mdomo, sikiliza."

Shemeji alifariki miaka michache baada ya Uhuru, kifua kilimsumbua mvua mbili kisha kikamchukua. Tulimzika upande wa kulia wa nyumba yake. Matanga yalipokwisha, kaka wawili wa Nyar Mombasa walifika kutoka pwani kwa treni na basi, watu wa heshima, wa sauti ndogo, waliokuja kumchukua dada yao. Wazee wa ukoo wakakaa nao. Sitasema walikuwa wabaya, kwa sababu hawakuwa. Kila upande ulimhurumia. Mzee mmoja akaeleza kwamba hakuna anayemfukuza, lakini mume ameondoka, mtoto hakuna, na mwanamke huzeeka mikononi mwa mtoto wake. Atabaki kwa nani? Kaka yake mkubwa akasema, "Dada, twende nyumbani. Huku huna damu." Wote wakakubaliana, wa bara na wa pwani, kwa mara ya kwanza.

"Siendi," akasema Nyar Mombasa.

"Utakaa kwa mtoto gani, mama?" mzee akamwuliza kwa upole.

Na hapo, yeye wa mdomo kutangulia, hakuwa na jibu. Niliuona mdomo ukifunguka na kufungika. Nilitaka kusema kitu, lakini mimi nilikuwa mke mdogo wa boma na neno langu lisingekuwa na uzito wowote.

Mama alikuwa ndani. Miguu yake ilikuwa imekwisha kumwacha, na kwa mwaka mzima Nyar Mombasa ndiye aliyembeba kutoka kitandani hadi juani. Akatuita tumtoe nje. Tukamkalisha mlangoni, akanyoosha nguo yake, akasema kwa Kijaluo, bila kupandisha sauti:

"Mnasema hana mtoto. Nani ananiogesha? Nani ananitafunia nyama ndipo nimeze? Usiku nikilia, nani anaamka? Anayefanyiwa hayo yote si mtoto? Basi mtoto wake ni mimi. Na mimi siendi pwani."

Wazee wakatazama chini. Kaka wa pwani hawakuelewa, wakamgeukia dada yao awatafsirie. Alianza, "Anasema kwamba..." akafika hapo akashindwa. Akaanza tena, akashindwa tena, akafunika uso kwa leso. Basi nikawatafsiria mimi, mke mdogo, neno kwa neno. Kaka mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaondoka kwenye kiti chake, akaenda akapiga magoti mbele ya Mama na kumshika mikono yote miwili. Siku ya tatu wakarudi kwao wawili kama walivyokuja.

Mwaka huo huo mume wangu alihamishwa kikazi, nasi tukahamia Migori. Mji una mambo yake, watoto wana shule, na mtu husema "mwezi ujao nitakwenda" mpaka miezi inamcheka. Nilipopata nafasi nilikuwa nimekawia mno kwa mtu aliyepikiwa uji na mkono ule. Nilifunga sukari, sabuni na majani ya chai ndani ya kikapu, nikavaa viatu vizuri, nikaenda.

Boma lilikuwa limefagiliwa. Nyar Mombasa alikuwa nje amekaa juu ya mkeka, kichwa cha Mama kimelala mapajani mwake, akimchana nywele chache nyeupe zilizobaki. Macho ya Mama yalikuwa yamekwisha kuondoka. Mwenzangu alikuwa amenenepa na kupata mvi, na aliponiona aliachia tabasamu kubwa, akanionyesha kwa mkono nisogee. Hakuinuka, asimsumbue aliyelala.

Viatu vyangu vikakwaruza changarawe. Mama akageuza uso upande wangu.

"Mano ng'a?" akauliza. Ni nani huyo?

Nikafungua kinywa nijitaje. Mimi niliyeolewa pale kwa ng'ombe waliohesabiwa mchana kweupe, niliyezaa watoto wawili ndani ya boma lile, na lugha ile ni ya mama yangu. Lakini Nyar Mombasa alitangulia, kwa Kijaluo kilichobaki na mwimbo wa pwani ndani yake, bila ubaya wowote, akiendelea kuchana.

"Wendo, Mama," akasema. Ni mgeni.

Nikasimama na kikapu changu. Halafu nikavua viatu, nikakaa pale aliponionyesha, nikangoja chai.